Kutengeneza maji ya dawa bila kemikali: mwongozo kutoka Malindi

Chukua birika la nyumba inayotumia maji ya kisima hapa Malindi, lililochemshia chai mwaka mzima, utie kidole ndani. Utagusa ukoko mweupe mgumu kama plasta. Hiyo ni chokaa ya mwamba wa matumbawe tunaoishi juu yake. Maji hupita mwambani yakaiyeyusha, sisi tukayachemsha ikaganda. Kwa chai haina neno. Kwa anayetaka kutengeneza dawa ya kikohozi au marhamu ya ngozi, kazi inaanzia kwenye ukoko huo.

Mfamasia mmoja wa hapa mjini, mama wa makamo anayetaka kutoka kwenye duka aingie kwenye kiwanda kidogo, aliniita akaniambia: "Fundi, nataka maji ya kiwango cha dawa, lakini jerikani za asidi sizitaki uani kwangu. Nina wajukuu, nina kisima, na jirani yangu ana kisima."

Nilimjibu kwamba inawezekana, kwa sharti moja. Kila kemikali inayotumika kwenye mitambo ya maji ina kazi yake. Ukiiondoa, kazi inabaki pale pale inamsubiri mtu. Basi itaje kazi hiyo kwa jina, kisha useme nani ataifanya: joto, mwanga, umeme, mwendo wa maji, au subira yako mwenyewe. Wengi waliouziwa mashine "zisizo na kemikali" waliuziwa nusu ya habari. Kemikali iliondolewa, kazi yake haikupewa mtu.

Kwanza, ujue unatafuta maji gani

Maji ya kunywa si maji ya dawa. Vitabu vya viwango vya dawa vinataja madaraja mawili makuu. La kwanza ni maji yaliyosafishwa, ya dawa za kunywa na za kupaka. Kwa kiwango cha Marekani, upitishaji wake wa umeme usizidi mikrosiemensi 1.3 kwa sentimita kwenye joto la nyuzi 25, kaboni itokanayo na vitu vyenye asili ya uhai isizidi mikrogramu 500 kwa lita, na vijidudu visizidi 100 kwa mililita. Kisha kuna sharti ambalo watu hulisahau: maji hayo hayaruhusiwi kuwa na kitu chochote kilichoongezwa. Huwezi kuyawekea klorini kidogo yasiharibike. Kwa hiyo hata mwenye kupenda kemikali, hapa mwishoni lazima aachane nazo.

La pili ni maji ya dawa za sindano: vijidudu visizidi 10 kwa mililita 100, na endotoksini, yaani sumu inayobaki kwenye maganda ya bakteria waliokufa, isizidi uniti 0.25 kwa mililita. Ulaya ilikubali maji ya sindano yatokanayo na kukeneka peke yake, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke, mpaka Aprili 2017, ndipo ikaruhusu na njia za kuchuja kwa utando. Nakushauri sindano uziache kwanza. Mwongozo huu ni wa daraja la kwanza.

Pili, yajue maji yako, kusi na kaskazi

Maji ya bomba ya Malindi yanatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Anayeishi hapa hahitaji kuambiwa mto huo unavyokuwa masika: bahari yote ya upande wa mdomoni hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Visima vya Baricho huchujwa na mchanga wa mto, lakini usipime maji siku moja ya Februari ukadhani umeyajua. Pima masika, pima kiangazi, pima baada ya bomba kukatika siku mbili na kurudi. Maji ya kwanza kurudi hubeba kutu na tope la mabomba.

Kisima cha uani ni habari nyingine. Karibu na bahari, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na pampu ikivuta kwa pupa, chumvi hupanda. Watu wa Lamu wanalijua hili kuliko sisi, maana mji wao umeishi kwa maji yaliyohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela. Nunua mita ndogo ya upitishaji umeme, bei yake si ya kukutisha. Maji ya kunywa ya kawaida husoma mamia. Kisima kilichoanza kuingiwa na bahari husoma maelfu. Bahari yenyewe ni kama 50,000.

Na maji ya mvua? Hayana chokaa karibu kabisa, na kwa mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kwenye utando ili chumvi ibaki nyuma, ni zawadi. Paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 10 hukupa lita 2,000, toa kidogo kilichopotea. Visiwa vya Lamu wana majabia yao tangu zamani. Lakini kunguru naye analijua paa hilo. Maji ya kuanzia lazima yafikie kiwango cha maji ya kunywa kabla hujayaita malighafi ya dawa, kwa hiyo mvua ichuje na uipime kama maji mengine. Mfamasia wangu tulimwekea bomba liwe chanzo kikuu na mvua iwe akiba. Kisima tulikiacha kwa kufulia.

Tatu, andika kazi za kemikali kwenye karatasi

Keti na karatasi. Upande mmoja andika kilichozoeleka kiwandani, upande wa pili andika mrithi wake. Klorini huua vijidudu: mrithi ni mwanga wa UV, usioonekana kwa macho, na joto. Metabisulfiti huondoa klorini isile utando: mrithi ni mkaa, au UV yenye nguvu. Chumvi ya magunia hulainisha maji, na antiskalanti huzuia chokaa isigande: mrithi ni kupunguza tamaa ya kuvuna maji, nitakueleza. Kostiki soda hutiwa kabla ya utando kuondoa hewa ya kaboni: mrithi ni utando wa kutoa hewa. Asidi na kostiki huamsha resini iliyochoka, yaani zile punje zinazonasa chumvi: mrithi ni umeme. Asidi ya perasetiki huosha tangi na mabomba: mrithi ni maji ya moto.

Karatasi hii ibandike ukutani. Muuzaji akija na mashine yake, mpitishe mstari kwa mstari.

Nne, toa tope

Hapa sikawii. Weka kichujio cha mchanga kinachojiosha kwa maji yake chenyewe, halafu utando wa kuchuja wenye vitundu vidogo sana, ule unaozuia hata bakteria. Unachotafuta ni kipimo cha tope, kiitwacho SDI, kiwe chini ya 5, na 3 ni bora zaidi. Muuzaji wa utando wa RO atakuuliza namba hiyo. Katriji za mikroni 5 zibadilishe kabla hazijageuka kahawia. Basi.

Tano, toa klorini bila kufuga vijidudu

Utando wa RO wa siku hizi hauvumilii klorini ya maji ya bomba. Huliwa polepole mpaka uanze kupitisha chumvi. Wengi huweka filta ya mkaa. Mkaa ni mzuri, lakini fahamu unavyofanya kazi. Klorini huishia kwenye sentimita chache za juu. Kuanzia hapo kwenda chini unayo maji ya vuguvugu yasiyo na klorini, yenye chakula, yenye pembe elfu za kujificha. Ukitaka kufuga bakteria, hutapata zizi zuri kuliko hilo.

Nililijua hili kwa aibu. Nilikuwa fundi wa kiwanda kimoja, si hapa Malindi. Mkesha wa Idd tulizima pampu zote, tukaenda kusali na kula biriani, tukarudi siku ya nne. Nilipofungua valvu chini ya filta ya mkaa, maji yalitoka yananuka kama mtungi uliosahauliwa nyuma ya mlango. Nilipopitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba kikateleza. Ule utelezi ni ukoga, kama ule wa meno asubuhi, ila huu umejengwa na bakteria wakajifunika nao. Tulimwaga maji ya zaidi ya wiki mbili kabla vipimo havijarudi mahali pake, na hakuna aliyekula mabaki ya biriani kwa raha.

Tangu siku hiyo nina amri mbili. Pampu ya mzunguko haizimwi sikukuu, maji yapite kwenye mkaa usiku na mchana hata kama hakuna anayeyatumia. Na mkaa uoshwe kwa maji ya nyuzi 80 kwa ratiba, si siku utakapokumbuka. Kwa hiyo chombo chake kiwe cha chuma kisichoshika kutu, plastiki itakunja uso.

Njia nyingine ni taa ya UV yenye nguvu ya kuvunja klorini. Inafanya kazi, lakini dozi yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya kuua vijidudu, na bili ya stima itakueleza hivyo. Kwa mtambo mdogo nachagua mkaa na nidhamu.

Sita, RO mara mbili, bila pupa

Hapa ndipo chokaa ya birika inapolipiwa. RO husukuma maji kwenye utando, maji yanapita, chumvi inabaki upande wa pili. Kadiri unavyovuna maji mengi, ndivyo chumvi inayobaki inavyokolea. Fanya hesabu: ukivuna nusu ya maji, chumvi iliyobaki imekolea mara 2. Ukivuna asilimia 75, mara 4. Ukivuna 80, mara 5. Antiskalanti ipo ili uweze kufika huko juu bila chokaa kuganda. Usipotaka antiskalanti, shuka. Kwa maji magumu ya pwani, hatua ya kwanza naiweka karibu na nusu kwa nusu.

Najua utakachosema: maji Malindi yanauzwa kwa jerikani, nawe unaniambia nimwage nusu? Usimwage. Maji yaliyokataliwa na RO ni yale yale uliyoyaingiza, chumvi yake ikiwa maradufu. Yanasukuma choo, yanaosha sakafu, yanachanganya saruji isiyo na nondo. Na yakienda shimoni, hayakubeba magunia ya chumvi ya kulainishia wala asidi. Mwamba wetu una mashimo kama sifongo. Cha uani kwako leo ni cha kisima cha jirani kesho, na kesho kutwa kiko kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari tuliyonayo tangu 1968.

Utando mmoja hukataa kati ya asilimia 95 na 99 ya chumvi. Maji yanayosoma 1,000 kwenye mita, chumvi yake ikikataliwa kwa asilimia 98, yanabaki 20. Hayatoshi. Yapitishe kwenye utando wa pili. Maji haya ya pili ni laini tayari, kwa hiyo hapo unaweza kuvuna mengi, na mabaki yake ukayarudisha mwanzoni kabisa kwa sababu ni masafi kuliko ya bomba.

Wakati wa kununua, uliza utando unaovumilia joto. Ule wa kawaida mwisho wake ni nyuzi 45. Upo uliotengenezwa kuoshwa kwa maji ya nyuzi 80 au 85 kwa shinikizo dogo. Bei yake inauma. Lakini ukinunua wa kawaida, siku ukoga utakapoushika utarudi dukani kutafuta jerikani ya kemikali, na safari yote hii imekuwa bure.

Na hapa niseme kweli. Hata utando ulioangaliwa vizuri unaweza siku moja kuhitaji kuoshwa kwa asidi hafifu, na mabomba mapya ya chuma huoshwa kwa asidi mara moja kabla ya kuanza kazi ili yajenge ngozi ya kujikinga na kutu. Anayekuapia kwamba hutaona chupa ya kemikali maisha yako yote, mpe chai, mshukuru, aende zake.

Saba, hewa ya kaboni, kisha umeme

Mafundi wengi hukwama hapa. Maji yamepita RO mara mbili, chumvi hakuna, lakini mita inasoma 3 au 4 na haishuki. Mwizi ni hewa ya kaboni, ile ile ya soda. Ni gesi, hupita kwenye utando kama haupo, ikifika upande wa pili inageuka asidi hafifu na kupitisha umeme. Wengine hutia kostiki kabla ya utando wa pili. Wewe weka utando wa kutoa hewa: maji upande mmoja, upande wa pili ombwe au hewa safi inayopita, na gesi inajitokea yenyewe.

Kisha EDI, mtambo wa kutoa chumvi iliyobaki kwa umeme. Ndani yake kuna resini, kama ile ya zamani, imebanwa kati ya tando mbili zenye umeme pembeni. Umeme huvuta ioni zilizobaki, yaani chembe za chumvi, kuzipeleka nje, na wakati huo huo hupasua maji kidogo, nayo huiamsha resini saa zote. Kazi iliyofanywa na mapipa ya asidi na kostiki inafanywa na waya mbili. Maji yanayotoka yanaweza kusoma chini ya 0.1, maji matupu kabisa ni 0.055. Ila EDI ni mtoto wa kudekezwa: ugumu wa maji yanayoingia usizidi miligramu 1 kwa lita. Ndiyo maana tulihangaika na RO mbili.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusikeneke tu, tuchemshe tukusanye mvuke. Ni njia safi na ya kale. Lakini kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula karibu uniti 0.7 za stima ikiwa mtambo haurudishi joto. Zidisha kwa lita 1,000 kwa siku, uone.

Nane, tangi na mzunguko, ambako vita viko

Watu hutumia asilimia tisini ya fedha kutengeneza maji, kisha huyaweka kwenye tangi kama maji ya kuogea. Maji haya hayana kinga yoyote sasa. Na vijidudu vya maji hupenda hali ya hewa ya Malindi kama watalii wanavyoipenda.

Kinga ya kwanza ni joto. Tangi na mabomba yakikaa juu ya nyuzi 70, vijidudu havizai. Kama hutaki joto saa zote, pandisha mpaka 80 kwa ratiba, usiku baada ya kazi, na uhakikishe hata kona ya mbali imefika hapo. Kupasha lita 500 kutoka nyuzi 28 hadi 80 hula kama uniti 30 za stima. Jua letu linaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo: paneli za maji ya moto juani, na kibadilisha joto kinachotenga maji ya paneli na maji ya dawa.

Kuna pia ozoni, inayotengenezwa kwa umeme na kuvunjwa na taa ya UV ya nanomita 254 ikarudi kuwa oksijeni kabla maji hayajafika kwa mtumiaji. Haiachi kitu. Lakini hula mipira ya maungio, na ikivuja chumbani ni hatari kwa mapafu. Hapa kwetu nachagua joto. Fundi yeyote anaelewa maji ya moto.

Kinga ya pili ni mwendo. Maji yazunguke kutoka tangini yarudi tangini, yasisimame, kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde au zaidi. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 22 linataka kama lita 1,400 kwa saa kufika hapo. Pampu ichaguliwe kwa hesabu hiyo, pamoja na kile kinachotumika.

Kinga ya tatu ni kutokuwa na kona. Tawi lolote lisilopitiwa na maji lisizidi mara tatu ya upana wake. Bomba la milimita 25, tawi mwisho milimita 75, yaani upana wa vidole vinne vilivyobanwa. Nenda na vidole vyako, pima kila valvu. Mteremko uwepo ili yote yamwagike. Juu ya tangi, pua ya hewa iwe na kichujio cha mikroni 0.2 kisicholowa, tangi likishuka linavuta pumzi, na pumzi ya Malindi ina vumbi na chumvi.

Chuma kiwe cha daraja la 316L, ndani kiwe laini. Nimeona la 304 likiwekwa kwenye veranda inayoelekea bahari, na kusi moja tu ikatosha kulijaza madoa ya kutu.

Taa ya UV kwenye mzunguko badilisha kila mwaka hata kama bado inawaka. Mwanga wa buluu unaouona wewe si ule unaoua.

Tisa, stima ikipotea

Itapotea. Weka betri au jenereta ya kubeba angalau pampu ya mzunguko. Ikishindikana, sheria iandikwe mlangoni: mzunguko ukisimama kupita saa mlizokubaliana, maji ya tangi yanamwagwa, mfumo unapashwa moto, ndipo kazi inaendelea. Iandikwe kabla, kwa sababu siku yenyewe kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kutoyamwaga.

Kumi, pima mwaka mzima

Chukua sampuli pale pale mtumiaji anapochotea, kwa mpira ule ule anaoutumia, si kwa bomba safi ulilolitenga kwa ajili ya mkaguzi. Chupa iwe tasa, iende kwenye baridi, ifike maabara ndani ya siku moja. Vijidudu hivi vina njaa ya muda mrefu, havipendi chakula kizito. Vinaoteshwa kwenye agari ya R2A kwa siku tano au zaidi.

Wiki mbili hadi nne za mwanzo pima kila siku kila mahali, na maji usiyatumie kwa dawa. Wiki nyingine kama hizo endelea vile vile, sasa yanaweza kutumika. Baada ya hapo punguza, lakini endelea hadi mwaka utimie. Mkaguzi wa Bodi ya Famasia na Sumu ataomba daftari hilo kabla hajaomba kuona mashine.

La mfamasia wangu liko mwezi wa saba sasa. Masika yamepita, mto umekuwa mwekundu ukarudi, upitishaji umeme haujavuka 0.4. Kuna siku moja tu ya wino mwekundu, valvu ya chumba cha marhamu, vijidudu 60 kwa mililita, bado chini ya 100 lakini hatukungoja: tulipima tawi kwa vidole, likawa refu kuliko vinne. Tulilikata. Vuli ikija atapima tena, mvua ya kwanza.